Nyumba Isiyobishiwa Hodi: Habari za Siasa na Kura Zetu za Mabaraza ya Miji



Kila unapokaribia mwezi wa Mei, tundu la barua la mlango wa mbele hupitisha karatasi nyingi kuliko kawaida. Pamoja na matangazo ya piza na ya wauza mazulia, huja karatasi za rangi nyekundu, buluu, manjano na kijani, zenye picha za watu tusiowajua, wamesimama kando ya shimo la barabarani na kulinyoshea kidole. Katika nyumba zetu nyingi safari ya karatasi hizo ni fupi, kutoka mlangoni hadi pipani. Alkhamisi ya uchaguzi hupita kama Alkhamisi nyengine yoyote, na kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, tunarudia kulalamikia yale yale: maegesho ya magari, nyumba zenye ukungu, skuli zilizojaa, na ombi la madrasa lililokataliwa.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama jambo moja tu, nalo ni hili: vipi habari za siasa, kwa namna zinavyopelekwa na kwa namna zisivyopelekwa, humtoa mtu nyumbani kwenda kumchagua diwani wake, au humbakisha ndani. Tutazungumzia Uingereza, kwa kuwa ndiko tunakoishi na ndiko baraza la mji linakotutoza kodi. Hatumpigii debe mgombea yeyote wala chama chochote.

TANGAZO LA MWAKA 1972

Na tuanze na tangazo ambalo wazee wetu waliokuwa Kampala wakati ule huenda wakalikumbuka. Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia kutoka Uganda, akawapa muda wa siku 90. Tarehe 15 Septemba ya mwaka huo Baraza la Jiji la Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri watu hao wasije Leicester, kwa maslahi yao wenyewe na ya familia zao. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyumba, skuli, na huduma za jamii na afya, ambazo zilielezwa kuwa zimekwisha kuelemewa.

Hayo yalikuwa mawasiliano ya siasa kwa maana yake kamili. Baraza lililochaguliwa kwa kura liliwaandikia watu ambao hawakuwa na kura hata moja ndani yake, na papo hapo likasikika na wenyeji ambao kura walikuwa nazo. Watu walikuja hata hivyo. Maelfu waliteremkia Leicester, wakafungua maduka, wakanunua nyumba, wakajiandikisha, wakapiga kura, na kadiri miaka ilivyokwenda Waasia wa mji huo, wakiwamo waliotoka Afrika ya Mashariki, wakaketi katika viti vya baraza lile lile. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba hakuna tena kabila moja lenye zaidi ya nusu ya wakaazi wa Leicester.

Ni vigumu leo kulifikiria baraza la Leicester likitia tangazo kama lile. Hatusemi kwamba nyoyo zote zimesafika. Kilichobadilika ni kwamba yule anayezungumziwa sasa ana kura, na anajulikana kuwa huipiga.

BARAZA LINA NINI HATA TUSUMBUKE?

Wengi wetu tumekulia katika nchi ambazo siasa maana yake ni rais, na uchaguzi maana yake ni ule mkubwa. Kwa sisi tuliotoka Zanzibar, mtumishi wa serikali aliye karibu kabisa na mlango wetu, yaani sheha, huteuliwa, hachaguliwi. Tanzania Bara, katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikachukua takriban viti vyote. Kenya, wananchi hawakuanza kuwachagua magavana wa kaunti mpaka mwaka 2013, chini ya Katiba ya 2010. Basi si ajabu kwamba tumekuja huku na mazoea ya kuuona uchaguzi wa mtaani kuwa ni jambo dogo.

Lakini huku mambo mengi yanayoigusa nyumba yetu hayaamuliwi na Waziri Mkuu. Baraza la mji, ambalo wenyewe tumezoea kuliita kaunsili, ndilo linalogawa nyumba za umma na kupokea maombi ya wasio na makaazi. Ndilo linaloshughulikia matunzo ya wazee na walemavu, maktaba, taka, na vibali vya ujenzi, ikiwamo ruhusa ya kuligeuza duka au ghala kuwa msikiti. Ndilo linaloendesha makaburi mengi ya miji, na kwa hivyo ndilo lenye neno kuhusu kama maiti wetu atazikwa Jumamosi au atangoje mpaka ofisi ifunguliwe Jumatatu. Mwenye kuliona hili kuwa dogo na awaulize waliowahi kufiwa Ijumaa jioni.

Aidha, katika chaguzi hizi kura moja ina uzito ambao haina katika uchaguzi wa bunge. Mwezi wa Mei 2017, katika kata ya South Blyth, kaunti ya Northumberland, wagombea wawili walipata kura sawa sawa. Sheria inaamuru katika hali hiyo ipigwe kura ya bahati, wakavuta vijiti. Aliyevuta kijiti kifupi alikikosesha kiti chama ambacho kilikuwa kimepata viti 33 kati ya 67, na kwa hivyo kikakosa wingi wa baraza zima kwa kiti kimoja. Lau mtu mmoja zaidi wa kata ile angetoka nyumbani kwake siku ile, vijiti visingehitajika.

Pamoja na hayo, katika chaguzi za mabaraza ya Uingereza aghalabu hujitokeza takriban thuluthi moja tu ya walioandikishwa. Thuluthi hiyo ndiyo inayowaamulia wote.

KWA NINI HODI HAITUFIKII

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Mtu akifika kituoni, karani hupiga mstari kwenye jina lake katika daftari. Baada ya uchaguzi, vyama vina haki kwa mujibu wa sheria kupata nakala ya daftari hilo lililopigwa mistari. Daftari halionyeshi mtu amemchagua nani, kwani hiyo ni siri, ila linaonyesha nani alikwenda na nani hakwenda.

Sasa jiweke mahali pa mpiga debe mwenye jioni chache, miguu miwili na mtaa wenye nyumba 300. Atabisha mlango upi? Ni dhahiri kwamba atabisha kwa wale ambao mistari inaonyesha kuwa huenda kila mwaka, ambao neno lake moja linaweza kumpatia kura. Nyumba isiyo na mstari hata mmoja ataipita, au atasukuma karatasi mlangoni na kwenda zake. Na nyumba ambayo jina halimo kabisa katika daftari, kwake ni kama ukuta.

Huu ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Nyumba isiyopiga kura haibishiwi hodi, na isiyobishiwa hodi haipigi kura. Mwaka hadi mwaka shida za nyumba ile hazimo katika masikio ya mgombea, hazimo katika karatasi zake, na baadaye hazimo katika bajeti. Mzunguko huo hauhitaji mtu yeyote mwenye chuki ili uendelee, unajiendesha kwa hesabu tu.

WATAFITI WANASEMAJE

Jambo hili limepimwa mara nyingi, na matokeo yake yanafaa tuyajue. Mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Chicago, Harold Gosnell, aliwapelekea baadhi ya wakaazi wa mji huo barua za kuwahimiza wajiandikishe na kupiga kura, na wengine akawaacha bila ya barua, kisha akalinganisha. Kwa kuwa mitaa ile ilikuwa imejaa wahamiaji, barua zake hazikuandikwa kwa Kiingereza peke yake, bali pia kwa Kipolandi, Kicheki na Kitaliani. Katika uchaguzi wa rais wa 1924 barua zilileta tofauti ndogo tu, kwa kuwa kelele za uchaguzi ule zilikwisha kumfikia kila mtu. Katika uchaguzi wa madiwani wa 1925 tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Maana yake ni kwamba pale ambapo kelele za taifa hazipo, ukumbusho mdogo unaoeleweka hufanya kazi kubwa.

Mwaka 1998, katika mji wa New Haven, Marekani, Alan Gerber na Donald Green walipima njia tatu kwa wapiga kura wapatao 30,000. Barua za posta ziliongeza watu kidogo sana. Simu za watu waliolipwa kupiga hazikuongeza kitu. Lakini mtu aliyekuja mlangoni akazungumza uso kwa uso aliongeza idadi ya wapigao kura kwa kiasi cha watu 9 katika kila 100. Tafiti nyingi zilizofuata zimekuta tofauti ndogo kuliko hiyo, ila mwelekeo umebakia ule ule: mtu humshinda karatasi.

Mwaka 2006, huko Michigan, Gerber na Green pamoja na Christopher Larimer waliwapelekea baadhi ya watu barua iliyotaja nani katika mtaa wao alikwenda kupiga kura zilizopita na nani hakwenda, na kuahidi kwamba baada ya uchaguzi itakuja orodha nyengine. Kati ya wasiopelekewa barua yoyote walipiga kura asilimia 29.7, na kati ya waliopata barua hiyo asilimia 37.8. Sisi hatupendekezi majirani wafedheheshwe, maana sitara ni katika adabu zetu. Lakini tunajifunza kwamba mtu huinuka anapojua kuwa kwenda kwake kunatazamiwa na watu anaowaheshimu. Nguvu hiyo sisi tunayo tele. Ndiyo inayotujaza maharusini na mazikoni bila ya kupelekewa karatasi ya rangi yoyote.

UVUMI WA SEBULENI

Mbali na habari zisizotufikia, ziko habari za makosa tunazopelekeana wenyewe. Inayosikika zaidi ni kwamba mtu asiye na pasi ya Kiingereza hana kura. Sivyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, ambamo wamo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Msumbiji, akiwa na umri wa miaka 18, anaishi hapa na ana ruhusa halali ya kukaa, hata iwe ya masomo, ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura, ya baraza na ya bunge pia.

Raia wa Omani, Burundi, Somalia au Kongo hana haki hiyo katika Uingereza yenyewe. Lakini akiwa anaishi kihalali Glasgow au Cardiff anayo kwa uchaguzi wa baraza, kwani Skotilandi na Welisi zilibadilisha sheria zao, na huko hata kijana wa miaka 16 humchagua diwani. Ama ndugu zetu waliohamia hapa na pasi za nchi za Ulaya, waliokuwa wakiishi hapa kihalali tangu kabla ya mwisho wa mwaka 2020 wamebakia na kura ya baraza, na waliokuja baadaye inategemea ni pasi ya nchi gani.

Uvumi wa pili ni kwamba baba akijaza fomu ya nyumba amewaandikisha wote. Hivyo ndivyo ilivyokuwa zamani. Tangu mwaka 2014 kila mtu hujiandikisha peke yake, kwa jina lake na namba yake ya bima ya taifa. Bibi mwenye nyumba na binti aliyetimia miaka 18 huenda hawamo katika daftari, na hakuna atakayewaambia.

Wa tatu unahusu kitambulisho. Tangu Mei 2023, anayepiga kura kituoni katika uchaguzi wa mabaraza ya Uingereza lazima aonyeshe kitambulisho chenye picha. Mwaka ule wa kwanza watu wapatao 14,000 waliofika vituoni walirudi bila ya kupiga kura kwa sababu hiyo. Pasi ya nchi yoyote ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa, hata ikiwa muda wake umekwisha, maadamu sura bado ni ile. Leseni ya udereva ya hapa inakubaliwa, na kadi ya basi ya wazee kadhalika. Asiye na chochote huomba cheti maalumu kutoka kwa baraza, bila ya malipo. Na mwanamke anayefunika uso ana haki ya kuomba aangaliwe faraghani, na mtumishi wa kike pale anapokuwapo. Faragha hiyo imeandikwa katika sheria, si hisani ya karani.

MIPAKA YA MANENO YETU

Baadhi ya wasomaji watasema: basi imamu na atuamuru, tumalize. Hapana budi tutahadhari. Mwezi wa Aprili 2015 mahakama ya uchaguzi ilibatilisha uchaguzi wa Meya wa Tower Hamlets, London, uliofanyika Mei 2014. Miongoni mwa makosa iliyoyakuta ni shinikizo la kidini, kwa sababu ya barua iliyotiwa saini na maimamu 101 na kuchapishwa katika gazeti la Kibengali. Wako walioiona hukumu hiyo kuwa ya haki na wako walioiona kuwa ya kuwaonea Waislamu, na wapiga kura wa Tower Hamlets walimrejesha Meya yule yule mwaka 2022. Lakini funzo kwetu liko wazi. Kumwambia mtu aende akapige kura ni jambo moja, na kumtisha kwa dini yake juu ya nani wa kumpa ni jambo jengine, tena ni kosa.

Vile vile kura ya posta. Ni rahisi kwa mgonjwa, kwa mama mwenye watoto wachanga na kwa wenye kazi za usiku. Lakini mwaka 2005 mahakama ilibatilisha matokeo ya kata mbili za Birmingham, Aston na Bordesley Green, kwa udanganyifu wa kura za posta katika uchaguzi wa Juni 2004. Kura ni amana ya mtu mmoja mmoja. Baba hajazi ya mkewe, wala kaka hajazi ya mama, hata kwa nia njema. Mpiga debe wa chama hana ruhusa kuichukua bahasha ya mtu, na tangu Mei 2024 sheria imekaza zaidi juu ya hilo.

TUFANYE NINI?

Ikiwa watu wa vyama hawatubishii hodi, basi na tubishiane wenyewe. Hatusemi jambo la gharama. Katika kila mtaa wanakokaa watu wetu, na ajitolee mtu mmoja mwenye lugha, na bora wawe wawili, mwanamume na mwanamke, wapite nyumba kumi wanazozijua mwezi wa Machi. Waulize maswali matatu tu. Nani humu ametimia umri na jina lake halimo katika daftari? Nani hana kitambulisho? Nani ataihitaji kura ya posta? Wasiulize mtu atampa nani. Muda wa kujiandikisha hufungwa siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura, kwa hivyo mwezi wa Mei ni kuchelewa.

Pili, karatasi za wagombea zisiende pipani kabla ya kusomwa. Vijana wetu wanaosoma Kiingereza kuliko sisi na wawafasirie wazee jioni moja, neno kwa neno, kama wanavyowafasiria barua za hospitali. Mzee akishasikia kwamba fulani anataka kuifunga maktaba na fulani anataka kuibakisha, hatohitaji kuhimizwa.

Tatu, na wagombea wa vyama vyote waalikwe, pamoja, mbele ya watu, katika ukumbi wetu, na mkalimani awepo. Aulizwe kila mmoja swali lile lile: juu ya mazishi ya mwisho wa wiki, juu ya nyumba zenye ukungu, juu ya nafasi za skuli. Majibu yaandikwe, na mwaka utakaofuata yasomwe tena mbele yake. Mikutano ya hadhara tumeizoea tangu kwetu, na tunajua kumpima msemaji. Tofauti ni kwamba kwetu aghalabu tuliitwa kusikiliza, na hapa tutakuwa sisi tulioita.

Mwisho, siku ya Alkhamisi vituo hufunguliwa saa moja ya asubuhi mpaka saa nne ya usiku. Anayekwenda na amchukue jirani yake. Mstari utakaopigwa kwenye jina la kila mmoja utabakia katika daftari hata kama mgombea aliyempenda ameshindwa, na mwaka unaofuata mpiga debe ataiona nyumba hiyo na kusimama.

Wabillahi tawfiq.